Dhahabu ikiyeyushwa, mnyama huenda wapi?

Bei ya dhahabu imepanda hadi imekuwa mazungumzo ya barazani. Makasha ambayo hayakufunguliwa tangu harusi ya mwisho sasa yanafunguliwa, na bangili, vipuli na vidani vya mama na nyanya zetu vinapelekwa kwa sonara. Karo inataka pesa, hospitali inataka pesa, na nauli ya kijana anayekwenda Ghuba kutafuta kazi inataka pesa. Sonara huweka mizani, hutaja gramu, huhesabu noti. Jioni kile kidani huingia motoni, kikatoka kipande cha manjano kisicho na jina wala nasaba.

Simlaumu mwenye kuuza. Dhahabu ya mwanamke wa Pwani siku zote imekuwa akiba yake ya siku ya dhiki, na sharia imempa haki ya kumiliki mali yake bila kumwomba ruhusa mume wala kaka. Ninachotaka kueleza leo ni kile ambacho mizani haikipimi. Pambo la kale ni maandishi. Aliyelifua aliandika kitu, na aliyelivaa alikuwa akisomwa na kila aliyemtazama. Likiyeyushwa, gramu hubaki na maandishi hupotea.

Mfano ulio wazi zaidi wa jambo hili uko mbali na sisi, katika dhahabu ya kale ya Amerika ya Kati, ambako mafundi waliwafua wanyama: chura, tai, mamba, popo. Nitaanza huko, nipitie Kilwa na Shanga, kisha nifike hapa Isiolo ninakoishi kwa kazi, kwa sababu hapa kuna funzo ambalo sisi watu wa Pwani tunalihitaji.

Chura aliyezaliwa kwa nta

Costa Rica na Panama ni ukanda mwembamba wa ardhi uliobanwa na bahari mbili. Zamani, kito cha heshima huko Costa Rica kilikuwa jiwe la kijani, jade. Ufundi wa dhahabu uliingia kutoka kusini, upande wa Colombia, katika karne za mwanzo baada ya kuzaliwa Nabii Isa, na kufikia miaka ya 700 hivi dhahabu ilikuwa imeshachukua nafasi ya jiwe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Fundi alichukua nta ya nyuki akafinyanga chura mzima, macho na vidole na yote. Akamfunika kwa udongo uliochanganywa na unga wa makaa, akaacha tundu. Udongo ulipochomwa, nta iliyeyuka ikatoka, ikaacha ndani nafasi tupu yenye umbo la chura. Hapo akamimina dhahabu. Ilipopoa, akavunja udongo. Kalibu ilitumika mara moja tu, kwa hiyo kila chura alikuwa wa pekee, hana pacha.

Mara nyingi dhahabu hiyo haikuwa safi. Waliichanganya na shaba, na mchanganyiko huo leo huitwa tumbaga. Shaba huufanya mchanganyiko uyeyuke kwa moto mdogo zaidi, tena huwa mgumu kuliko dhahabu peke yake. Kisha fundi alikipasha moto kile kipande, shaba ya juu ikaungua na kubadilika, akaiosha kwa maji makali ya mimea, akarudia tena na tena. Mwisho shaba ya juu iliisha, ikabaki ngozi nyembamba ya dhahabu inayong'aa, na ndani mchanganyiko ule ule. Sonara wetu akiipima leo atasema ni dhahabu hafifu. Kwa watu wale thamani ilikuwa katika mng'aro, mng'aro wa jua, na hesabu ya karati haikuwa na nafasi.

Sasa tuje kwenye maana. Watu hao hawakuacha vitabu. Yanayojulikana yametoka makaburini, katika maandishi ya Wahispania wa kwanza kufika, na katika masimulizi ya wenyeji ambao wapo hadi leo, kama vile Wabribri wa Costa Rica. Ukiyakusanya hayo, unapata njia ya kulisoma pambo kwa maswali matatu. Mnyama huyu hufanya nini katika maisha yake? Fundi amekikuza kiungo gani? Na nani alikuwa akimvaa?

Mchukue chura. Kule kama huku, vyura hulia mvua inapokaribia. Watu wanaoishi kwa kilimo wakisikia sauti hiyo, hujua chakula kinakuja. Kwa hiyo chura akawa alama ya maji, uzazi na mwanzo mpya. Yeye pia huanza maisha majini akiwa na mkia, kisha hutoka nchi kavu akiwa na miguu. Mafundi wa kusini mwa Costa Rica walimpa miguu ya nyuma mipana iliyo bapa, na mdomoni mwake mara nyingine hutoka nyoka wawili, mmoja kila upande. Huyo si chura wa bwawani tena. Ni chura anayesema jambo.

Tai na ndege wengine wa mawindo walifuliwa wakiwa wametandaza mbawa, mdomo na kucha zimekuzwa. Ndege anayepaa juu huona wasichokiona walio chini, na hilo lilifaa kwa mkuu wa kabila au kwa mganga aliyesemekana kusafiri kwa roho. Mamba naye huishi majini na nchi kavu, hana haraka, na akishika hashikiki. Pale Sitio Conte nchini Panama, palipochimbwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard katika miaka ya 1930 na wale wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1940, yalikutwa makaburi ya wakuu waliozikwa na mabamba ya dhahabu ya kuvaa kifuani. Juu ya mabamba hayo kuna kiumbe mwenye mwili wa mtu na kichwa na kucha za mamba. Mwenye kulivaa bamba hilo alikuwa akiwaambia watu wake na maadui zake kwa pamoja: nguvu za yule zimo ndani ya huyu.

Kwa maneno mengine, lile bamba lilikuwa kitambulisho, bendera na kiapo, vyote katika kitu kimoja.

Mwaka mmoja, pwani mbili

Mwaka 1502 Christopher Columbus, katika safari yake ya nne, alipita pwani hiyo ya Costa Rica na Panama. Watu wake waliwaona wenyeji wamevaa shingoni visahani vya dhahabu waliviita vioo, na vidani vyenye umbo la ndege walivyoviita tai. Hamu ya wageni ilikuwa kujua dhahabu inachimbwa wapi. Yaliyofuata yanajulikana: karne nzima na zaidi ya kunyang'anya na kuyeyusha. Hata baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1850, makaburi ya Chiriquí nchini Panama yalifukuliwa na watu waliosikia kuna dhahabu, na sehemu kubwa ya wanyama waliotoka humo iliuzwa kwa uzito na kuingia motoni. Waliobaki wengine sasa wako katika jumba la makumbusho la dhahabu mjini San José, nalo linamilikiwa na Benki Kuu ya Costa Rica. Benki hiyo iliona kwamba kipande chenye umbo kina thamani kuliko kipande kilichoyeyushwa.

Mwaka huo huo wa 1502, upande wetu wa dunia, Vasco da Gama aliingia Kilwa na merikebu zenye mizinga. Alimlazimisha mtawala wa mji, Amir Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Miaka mitatu baadaye, 1505, Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Na ile dhahabu ya kodi iliishia wapi? Mfalme Manuel aliamuru iyeyushwe, na mwaka 1506 ikakamilika kuwa chombo kikubwa cha ibada ya Kikatoliki kinachoitwa Custódia de Belém. Kipo Lisbon mpaka leo, katika jumba la taifa la sanaa za kale. Kitakoni kimeandikwa kwamba kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Ndani yake wamo wanafunzi kumi na wawili wa Nabii Isa wamepiga magoti, na kitako kimepambwa kwa ndege na maua ya rangi.

Tafakari hapo, ndugu msomaji. Dhahabu iliyotoka katika mji wa misikiti, uliotembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331 na kusifiwa naye, leo inasimulia habari za watu wengine. Ni dhahabu ile ile, na kama isingekuwa yale maandishi ya kitakoni, hakuna ambaye angeitambua kuwa yetu.

Dhahabu ya Kilwa yenyewe ilitoka bara, nyanda za juu za Zimbabwe, ikashukia bandari ya Sofala. Na huko bara kulikuwa na watu waliozikwa na wanyama wa dhahabu. Katika kilima cha Mapungubwe, Afrika Kusini, karibu na mipaka ya Zimbabwe na Botswana, kulipatikana katika miaka ya 1930 kifaru mdogo. Alichongwa kwa mti kisha akavikwa dhahabu nyembamba iliyopigiliwa kwa vijimisumari vya dhahabu. Ni wa karne ya 13, na alikuwa katika kaburi la mtu mkubwa. Katika kilima hicho hicho kulipatikana shanga nyingi za kioo zilizovuka Bahari ya Hindi na kupita katika bandari za Waswahili. Kwa hiyo wazee wetu wa Kilwa walikuwa wakifanya biashara na watu waliojua kusoma kifaru kaburini.

Mbona sisi hatukuvaa wanyama?

Jibu la haraka ni dini, nalo ni kweli. Uislamu uliharamisha dhahabu kwa wanaume na kuiruhusu kwa wanawake, na wanavyuoni wengi wamekataza sanamu za viumbe vyenye roho. Ndiyo maana pambo la Kiswahili limejaa mwezi, nyota, ua, jani, tone na herufi. Majina yake peke yake ni shairi: kikuku, kekee, timbi, banagiri, furungu, hazama, kipini, jasi. Kila moja lilikuwa na mahali pake mwilini na wakati wake maishani. Furungu lilisikika kabla mwenye nalo hajaonekana. Pete za fedha za Lamu zilizotiwa kipande cha sahani ya kale zinasimulia magofu na biashara ya Uchina bila kuandikwa neno.

Lakini jibu la haraka halitoshi. Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba magofu ya Shanga katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, alipata simba mdogo wa shaba anayeenea kiganjani. Ana umri wa kiasi cha miaka elfu moja, na alikuwa katika mji ambao tayari ulikuwa na msikiti. Mtindo wake ni wa Kihindi, na Horton na mwenzake T. Richard Blurton walipomwandikia mwaka 1988 walijadili uwezekano kwamba alitengenezwa hapa hapa Afrika Mashariki kwa mkono uliojua kazi ya India. Basi katika miji yetu ya kale hakukukosekana mtu aliyemweka simba wa chuma nyumbani.

Kisha tazama siwa. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, na ya Lamu ni ya shaba iliyofuatisha umbo la pembe. Haina sura ya mnyama hata mmoja, lakini iliyo ya pembe ni mwili wa mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, na ilipopulizwa kila mtu alijua nani ana mamlaka.

Na tazama lugha. Sultani Ahmed wa Witu aliitwa Simba, na hakuhitaji kuvaa simba. Tunasema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na mtu mzima huelewa bila kuonyeshwa picha. Leso zetu nazo zimekuwa na tausi, samaki na hata simba, kila mmoja na jina lake chini. Kwa kifupi, wanyama wetu tuliwatia ulimini, katika majina, katika methali na katika nguo. Ukitaka kujua Mswahili alimwonaje simba, usitafute kidani. Sikiliza anavyosema.

Hapa Isiolo, mnyama mwenyewe

Nilipohamia Isiolo nilikuta mji ambao mtu wa Pwani hapati shida kuuzoea. Adhana ipo, chai ya maziwa ipo, na Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru wanakutana soko moja. Wachuuzi huuza bangili za shaba nyekundu, shaba ya njano na aluminiamu, zimesokotwa pamoja rangi tatu. Aluminiamu hiyo ina hadithi yake: mafundi wa Borana na majirani zao wamekuwa wakiyeyusha sufuria kuukuu na kuzifanya shanga na bangili. Wahunzi wenyewe wana majina na nafasi yao. Wasamburu huwaita lkunono, Waborana tumtu, Wasomali tumaal. Kila mtu anawahitaji, na wengi hawataki kuoana nao. Mwenye kubadilisha kitu kwa moto huogopwa hata anapoheshimiwa.

Katika kaskazini hii mnyama hafuliwi sura yake. Anavaliwa mwenyewe. Mkufu wa mporro wa mwanamke wa Kisamburu aliyeolewa una shanga nyekundu za kioo zilizotengenezwa Venisi na kufika huku kwa misafara ya biashara, na zamani zilishikwa kwa nywele za mkia wa twiga. Wasichana wa Kiturkana walivaa nguo za ngozi zilizoshonewa shanga za ganda la yai la mbuni. Kwa Waoromo, bangili ya pembe ya ndovu ilikuwa alama ya mwanamume aliyeua mnyama mkubwa. Mama wa Kisamburu ambaye mwanawe ameingia umorani huvaa surutia, shaba iliyozungushwa kama konokono. Hiyo haina mnyama, lakini ukiiona unajua bila kuuliza: huyu ni mama wa moran.

Halafu kuna simbi, ambazo watoto wa Pwani huzijua kama kete. Katika ngozi za wanawake na vyombo vya maziwa vya huku kaskazini utazikuta zimeshonwa safu safu. Hakuna bahari Isiolo. Zimetoka kwetu, zikapanda na misafara karne kwa karne. Umbo lake, lenye mpasuko chini, wengi hulisoma kuwa alama ya uzazi. Kitu tunachokikanyaga ufukweni, mwenzetu wa Marsabit amekishonea dua ya kupata watoto.

Na asidhani mtu kwamba kuvaa sehemu ya mnyama ni jambo la bara tu. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, wataalamu walipata ushanga uliotengenezwa kwa ganda la kombe la baharini wenye umri wa kiasi cha miaka 65,000, na matokeo ya uchimbaji huo yakachapishwa mwaka 2018. Pango hilo hilo lina pia shanga za ganda la yai la mbuni. Kabla ya dhahabu, kabla ya shaba, kabla ya mji wowote, mtu wa Pwani alikwisha kuvaa kiumbe cha bahari.

Sasa lile funzo nililoahidi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikaweka adhabu kali kwa anayepatikana na pembe au sehemu nyingine ya mnyama aliyelindwa. Ni sheria nzuri, maana ndovu na twiga wangekwisha. Kwa mapambo ya kaskazini ilimaanisha kwamba kitu chenyewe kilipaswa kubadilika. Nywele za twiga zikaacha nafasi kwa nyuzi za mkoma. Kwingine plastiki nyeupe ikachukua nafasi ya pembe. Je, maana ilikufa? Hapana. Mama mmoja muuza shanga aliniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Uzi umebadilika, mimi sijabadilika." Anajua kila safu inasema nini, na binti yake anajua, kwa sababu walikaa pamoja wakashona.

Pambo linahitaji vitu viwili ili liishi: kitu na msomaji. Amerika ya Kati kitu kilibaki, angalau kiasi, na wengi wa wasomaji waliuawa kwa vita na maradhi. Ndiyo maana wataalamu wanahangaika na chura mmoja miaka na miaka. Isiolo kitu kimebadilika na msomaji yupo. Sisi wa Pwani tuko katika hatari ya kupoteza vyote viwili kwa mpigo. Kidani kinayeyushwa, na nyanya aliyejua jina lake anazikwa, na mjukuu hakuuliza.

Kaskazini nako hakuko salama. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulikula misimu mitano ya mvua mfululizo na mifugo isiyohesabika. Mwenye kupoteza ng'ombe huuza kilichobaki, na shanga kuukuu za mporro zina wanunuzi ng'ambo. Zikiondoka moja moja hakuna anayeona. Barabara ya kutoka Lamu kuja Isiolo kwa mradi wa LAPSSET itarahisisha safari, na bidhaa zitapita pande zote mbili. Ningependa na habari zipite.

Je, chura wa bahati?

Vijana siku hizi huagiza kwa simu vidani vya chura, tai au chui, na muuzaji huandika kwamba huleta bahati au nguvu. Kwa Muislamu jambo hilo liko wazi. Manufaa na madhara yako mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na kipande cha chuma hakivuti riziki. Kuhusu kuvaa umbo la kiumbe chenye roho, wanavyuoni wamelieleza, na mwenye shaka amwendee shekhe wake. Mimi si mufti.

Ninachosema ni kwamba kujua maana ya kitu si kukiamini. Wazee wetu waliuza na kununua na watu wa kila dini, na walijua nani anaheshimu nini. Kijana anayejua kwamba chura yule alikuwa dua ya mvua ya wakulima wa Costa Rica hadanganyiki kirahisi na tangazo la bahati. Ujinga ndio huuza hirizi.

Kabla ya kwenda kwa sonara

Ukilazimika kuuza, uza. Lakini fanya haya kwanza, hayachukui hata saa moja.

Piga picha za kila kipande, mbele na nyuma, na uweke rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Andika uzito. Muulize mkubwa wa nyumba anayejua: kinaitwaje, kilivaliwa wapi mwilini, kilivaliwa lini, nani alimpa nani, na sonara gani alikifua. Rekodi sauti yake, kwa maana simu tunazo. Mwulize pia asichokuuliza mtu: kwa nini kina umbo hili na si lile?

Ukiwa na vipande kadhaa, anza na bangili za kisasa zinazopatikana dukani, ukiache kile kisicho na pacha. Fedha ya kale, kama kekee au furungu, haina bei kubwa kwa gramu, kwa hiyo kuiyeyusha ni hasara mara mbili. Kama haja ni ya muda, tafuta jamaa akukopeshe kwa rehani isiyo na riba, pambo libaki ndani ya ukoo. Na kilichookotwa katika magofu ya kale si cha kuuza, kwa sababu sheria ya urithi wa taifa ya mwaka 2006 inakilinda. Kipelekwe makumbusho ya Lamu au Fort Jesus.

Orodha hiyo ina faida nyingine. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wengi hawaoni zaka katika pambo halali la kuvaliwa, na wale wa Hanafi huiona. Kwa vyovyote, mwenye orodha anajua ana nini, na siku ya mirathi orodha huzuia ugomvi wa ndugu ambao sote tumewahi kuusikia.

Mkuu wa Sitio Conte alizikwa na mamba wake akidhani kila mtu atajua daima maana yake. Hakukuwa na sababu ya kuieleza, kwa kuwa ilijulikana na wote. Ndivyo tunavyofikiri na sisi juu ya kekee la nyanya. Muulize wiki hii, ungali unaye.